Shahada ya mtandaoni nikiwa kazini Kigoma: nyota tatu na nusu

Nimemaliza Septemba 2025. Nilianza Aprili 2022 nikiwa na miaka 38, watoto wawili, nyumba ya kupanga Ujiji na kazi ya kutunza stoo katika shirika linalohudumia wakimbizi. Mihula yote saba nimeilipia kwa hela yangu. Hakuna aliyenidhamini na hakuna aliyenituma kuandika. Chuo sikitaji jina, maana nina malalamiko na sitaki barua ya wakili. Ni cha Marekani, kina ithibati huko kwao, na majengo yake sijui hata yana rangi gani. Shahada ni ya usimamizi wa biashara, mkondo wa ugavi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo moja na nusu iliyokatwa nitaeleza imekwenda wapi.

Kilichonisukuma ni kijana mmoja. Aliletwa kutoka Dar kuwa afisa ugavi wetu. Mpole, ana adabu, kila asubuhi "shikamoo dada". Wiki tatu nilimfundisha mimi: kusoma kadi ya stoo, kupanga madumu ya mafuta ili yaliyotangulia kuingia ndiyo yatangulie kutoka, kukataa mzigo ambao hesabu yake hailingani na hati. Wiki ya nne akaanza kusaini juu ya sahihi yangu. Nilipouliza mbona nafasi ile haikutangazwa ndani, nikaambiwa inataka shahada, na wewe una stashahada. Sikumchukia. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta chuo kwenye simu.

Watu wananiuliza kwa nini sikwenda Chuo Kikuu Huria. Swali la haki. Kipo kwa sheria ya mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza kilipokea 1994, kituo chake cha mkoa kipo hapa hapa Kigoma, ada ni ya shilingi, na cheti chake huna haja ya kumweleza mwajiri kimetoka wapi. Binamu yangu amesomea ualimu pale na ameridhika. Shida yangu mimi ilikuwa tarehe. Mitihani ina ratiba yake, na magari ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hayana ratiba. Unaambiwa saa kumi na moja jioni kwamba kesho alfajiri unapanda na mablanketi, utarudi keshokutwa, labda. Kama kazi yako ni ya kukaa sehemu moja, anzia kituo cha Huria kabla hujaendelea kunisoma mimi.

Nilichonunua ni utaratibu wa kusoma kwa mwendo wako. Uliopata umaarufu kupitia Western Governors University, chuo kilichoanzishwa 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi ya Marekani, na vyuo vingine vikauchukua. Hulipii somo, unalipia miezi sita. Ndani ya miezi hiyo ukimaliza somo moja au kumi na moja, ada ni ile ile. Hakuna anayehesabu saa ulizokaa mbele ya kitabu. Unafanya jaribio la kujipima, ukiona uko tayari unaomba mtihani, ukifaulu somo linafungwa na jingine linafunguliwa. Kuna mitihani ya kusimamiwa kwa kamera, na kuna asaimenti za kuandika ambazo msahihishaji ama anazipitisha ama anazirudisha ukarekebishe. Na una mshauri mmoja anayekupigia kila wiki.

Kwa mtu mzima aliye kazini, jambo hili lina utamu wake, sikatai. Somo la usimamizi wa bohari nililimaliza kwa siku tisa. Siku tisa! Nilikuwa nasoma ukurasa nacheka, maana mambo yaliyoandikwa kwa Kiingereza kirefu ndiyo ninayoyafanya tangu 2011: mzigo unaotoka mara nyingi ukae karibu na mlango, hesabu ya ghafla ifanyike bila kumtangazia mtu, kilichoharibika kiandikwe siku hiyo hiyo kabla panya hajasingiziwa. Darasani ningekaa muhula mzima nikifundishwa kazi yangu na kijana ambaye hajawahi kubeba gunia.

Halafu likaja somo la takwimu. Miezi mitano.

Nililia, na sisemi kwa mfano. Wastani nilikuwa naujua. Lakini kile wanachokiita mkengeuko sanifu kilikuwa kinaingia sikio hili kinatokea lile. Video niliirudia hadi bando likaisha. Aliyeniokoa ni binti yangu, wakati huo yuko kidato cha tano, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Aliniona nimeinamia daftari huku migebuka inasubiri kuoshwa, akachukua sinia.

"Mama, hebu acha hicho kitabu. Njoo huku."

Akapanga samaki watano upande mmoja na watano upande wa pili. Upande wa kwanza walikuwa wanakaribiana, kama sentimita 19, 20, 20, 20, 21. Upande wa pili alichanganya kusudi: wa 10, wa 15, wa 20, wa 25, wa 30.

"Jumlisha kila upande, gawa kwa tano."

Nikajumlisha. Ishirini na ishirini.

"Sasa mteja amekuagiza samaki wa sentimita 20. Utamfungia wa upande gani?"

Hapo hapo ikaniingia. Wastani ni ule ule, ila upande wa pili utagombana na mteja. Kwetu nyumbani mpaka leo mkengeuko sanifu tunauita "samaki wanavyopishana", na mtihani nilipoufanya nilikuwa nayaona yale masinia. Nilipata 74. Sasa jiulize: mimi nimelipa dola 900 kwa miezi sita, na mwalimu aliyenifundisha ni mtoto wa miaka 17 mwenye viganja vinavyonuka samaki. Chuo kina walimu wa kila somo, ni kweli, unaweza kuomba miadi. Lakini miadi iliyokuwa wazi ilikuwa saa nane za usiku kwetu.

Hili la saa nalo lina kisa chake. Muhula wangu wa pili ulikuwa unaisha Machi 31, 2023. Januari niliuliza dawati la msaada: mwisho wa kupokea kazi ni saa ngapi kwa saa za Tanzania? Wakanijibu vizuri tu kwamba ni dakika moja kabla ya saa sita usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, na sisi tuko mbele kwa saa nane. Nikapiga hesabu: saa mbili kasoro dakika moja asubuhi, Aprili mosi. Nikaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Asubuhi ile nimekaa, chai pembeni, nimepitia asaimenti mara ya mwisho, saa moja na dakika ishirini nabonyeza kutuma. Dirisha limefungwa.

Kumbe Wamarekani kila mwezi Machi husogeza saa zao mbele. Tofauti inashuka kutoka nane hadi saba. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta, ambao jua linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, tungejuaje kwamba kuna watu wanaisogeza saa kama meza? Somo likahamia muhula uliofuata, nikaanza upya asaimenti iliyokwisha kuandikwa, na hakuna aliyesema pole. Niliandika barua pepe tatu. Jibu lilikuwa kwamba tovuti ina ukurasa unaoeleza jambo hilo. Ni kweli unao, nimeuona, uko chini kabisa.

Nusu nyota imekwenda hapo.

Nyota nzima imekwenda kwenye mitihani ya kamera, na hapa naomba mnivumilie.

Mtihani wa kamera uko hivi. Kuna msimamizi, sijui yuko nchi gani, haonekani, anakuandikia tu ujumbe pembeni ya skrini. Kwanza anakutaka uizungushe kompyuta aone chumba kizima: pembe nne, dari, chini ya meza, masikio yako kama yana kitu. Nilikuwa nimejiandaa. Watoto wamepelekwa kwa bibi yao, redio imezimwa, simu iko chumba cha pili. Naizungusha kamera taratibu, ananiambia simama hapo.

"Kuna maandishi kwenye kitambaa cha dirishani. Yanasemaje?"

Ni kanga. Nimeitundika kuwa pazia tangu nihamie. Ikabidi nimtafsirie kwa Kiingereza changu cha stoo kwamba wema huwa hauozi. Kimya kama dakika mbili. Nadhani alikuwa anawauliza wakubwa wake kama hilo ni jibu la swali lolote la somo la uhasibu. Kisha akaandika: tafadhali kiondoe.

Nikakiondoa. Dirisha likabaki wazi. Nilipofika swali la 31 kati ya 60, nikasikia minong'ono. Wanawe jirani yangu, watatu, wamening'inia kwenye nondo wanamtazama mama anayeongea na kompyuta. Nikawakonyeza waondoke. Kukonyeza nako ni kosa. Skrini ikaandika kwamba kuna watu wengine katika eneo la mtihani, na mtihani umesitishwa.

Nililipishwa dola 35 za kuomba upya. Nikakata rufaa, nikapiga picha dirisha, nikaeleza kanga ni nini. Wiki sita baadaye wakakubali kwamba sikuwa nimedanganya, wakalifuta lile kosa kwenye kumbukumbu zangu. Dola 35 hawakurudisha.

Safari ya pili nilimwomba bosi ofisi yake siku ya Jumapili. Godauni lisingefaa, maana kila gunia lina maandishi pande mbili. Ofisini nikashusha kalenda, nikageuza ubao wa matangazo ukaangalia ukuta, nikafunika na chupa ya maji kwa sababu ina lebo. Nikafaulu. Kisha nikagundua adui mwingine: bati. Mvua ya Kigoma ikipiga bati, msimamizi anasikia kelele tupu, na kelele nazo huandikwa. Basi tangu 2023 asaimenti zote za kuandika nilizifanya wakati wa mvua, mitihani yote nikaisukuma Juni hadi Septemba, kiangazi. Tangazo lilisema nitasoma kwa mwendo wangu. Nilisoma kwa mwendo wa mawingu, wa magari ya Nyarugusu na wa umeme.

Na bila hivyo vya kunisukuma ningelala. Muhula ule wa pili, kabla ya kisa cha saa, nilikuwa nimemaliza somo moja tu ndani ya miezi minne, si kwa sababu ya ugumu, ni kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Ukirudi kazini saa moja jioni, daladala ya Ujiji imekubana, kuna ugali wa kusonga, na chuo kinakwambia "wakati wowote unaokufaa", basi unaokufaa ni kesho. Nilichofanya baadaye ni kujikatia saa: saa kumi alfajiri mpaka adhana, kila siku ya kazi. Bando la usiku linakuwa halijaisha, nashusha video za wiki nzima, mtaa mzima kimya isipokuwa jogoo wa nyumba ya pili ambaye saa zake naye anajua mwenyewe. Adhana ikiita nafunga kompyuta hata kama niko katikati ya sentensi.

Mshauri wangu simwingizi kwenye malalamiko. Mwanamke mmoja wa makamo, alinipigia kila Alhamisi kwa miaka mitatu na nusu. Mtandao ukikataa video tunaongea kwa sauti, sauti ikikatika tunaandikiana. Alijifunza kusema "pole na kazi", akawa analitamka vizuri kuliko wahasibu wetu wengine. Nilipofiwa na mama mkwe aliusimamisha muhula wangu kwa siku kumi bila kuniuliza cheti cha kifo.

Kama kuna kitu kimoja kilichonifanya nione hela yangu haikupotea, ni asaimenti ya kukadiria mauzo. Kitabuni mfano ulikuwa duka la makoti: majira ya baridi yanauzwa, majira ya joto yanakaa. Mimi koti nimevaa mara moja, Mbeya. Nikaomba kuandika juu ya dagaa, wakakubali. Miezi minne, kila siku kasoro zile nilizokuwa safarini, nilipitia mwaloni wa Kibirizi au nikampigia shemeji yangu anayenunua pale, nikaandika bei ya sado na idadi ya magunia aliyopata. Nikachora grafu, nikatuma.

Ikarudi. Msahihishaji aliandika kwamba data zina kasoro, kwa sababu manunuzi yanaporomoka karibu kila baada ya siku 29, kitu ambacho hakiendani na wiki wala mwezi wa mshahara, na niangalie kama sikukosea kunakili.

Nilicheka peke yangu. Mtoto yeyote wa Kibirizi angemjibu. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta, nyavu zinawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haina kazi, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Giza likirudi wanaingia. Nikaongeza kurasa mbili nikaeleza hilo, nikaweka tarehe za mwezi mpevu chini ya grafu, kila bonde likakaa juu ya mwezi wake kama kofia na kichwa. Ikapita, na maoni yalikuwa sentensi moja: asante, sikulijua hili. Mwaka uliofuata, 2024, uvuvi ziwani ulipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilikuwa na njia ya kumwonyesha bosi kwa karatasi kwa nini bajeti ya dagaa wa kambini ipangwe mapema. Kwa mara ya kwanza alinisikiliza akiwa amekaa.

Gharama sasa, haraka haraka. Dola 900 mara mihula saba ni dola 6,300. Nilipoanza muhula mmoja ulikuwa milioni mbili na ushee, lakini dola ilipopanda 2024 ukakaribia milioni mbili na nusu, na mshahara wangu haukupanda nayo. Kompyuta mpakato ya mtumba laki sita na nusu, betri yake ilikufa mwaka wa kwanza. Bando, weka elfu arobaini hadi hamsini kwa mwezi. Pawabenki ya maana, usinunue ya elfu kumi. Jioni zenye giza nilisomea kwenye simu, na nusu ya asaimenti ya uongozi niliiandika kwa kidole gumba.

Jambo la kufanya kabla hujalipa hata senti: hakikisha chuo kina ithibati halali katika nchi yake, kisha uliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, maana ndiyo inayotambua vyeti vya nje. Kuna vyuo vya mtandaoni vinavyouza karatasi, na karatasi hiyo utaitundika sebuleni tu. Na kama unataka kazi za ununuzi na ugavi, nenda pia kwa bodi yenu ya taaluma, PSPTB, kwa kuwa shahada peke yake haikupi usajili. Hilo la bodi nililijua nikiwa muhula wa nne. Chuo cha Marekani hakina sababu ya kulijua, lakini mimi nilikuwa na sababu.

Ningemshauri nani? Mtu ambaye kazi yake tayari ni nusu ya masomo, anayesoma Kiingereza bila kamusi, na mwenye mtu nyumbani wa kushika sufuria saa kumi na mbili jioni. Aliyetoka kidato cha sita jana asithubutu. Huyo aende darasani, apate marafiki, wenzake wa kunakiliana nao noti. Mimi kwa miaka mitatu na nusu sikumjua mwanafunzi mwenzangu hata mmoja, na siku ya matokeo ya mwisho nilishangilia na yule jirani mwenye watoto wa dirishani.

Kuhusu cheo: yule kijana amehamia Kibondo, na mimi nakaimu nafasi yake. Kukaimu si kupata, waliowahi kukaimu wananielewa. Barua ya kuthibitishwa naambiwa iko njiani.

Kitabu cha takwimu nilikichapisha chote steshenari ya Mwanga, kurasa 212, shilingi mia kila ukurasa. Kwa sasa sikihitaji. Anayekitaka aje Ujiji akichukue bure, ila kuanzia ukurasa wa 40 hivi mpaka wa 60 kimelowa mawese, na pembeni kuna magamba ya samaki mawili matatu.